Eksi Uliyoichora Ukutani Mwangu

Lihanda mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Nakusikia hapo kwenye isimba, kijumba chako cha ujana, ukisukuma kitanda, ukifunga lile begi na kulifungua tena, na hali yako naijua: ni mbaya, na mimi nimechangia. Mvua haijaacha tangu saa tisa. Baba yako amelala na redio kifuani. Mimi niko jikoni na kalamu nyekundu niliyobaki nayo tangu nilipoacha kufundisha chekechea, kwa hivyo ukiona maandishi mekundu usidhani nakusahihisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiidakho nimekiongea maisha yangu yote lakini kukiandika hakuna aliyenifunza. Tena kuna maneno ambayo nikikwambia kwa lugha yetu, uso kwa uso, nitalia, na wewe ukiona nalia utatoka nje, kama ilivyo kawaida yenu wewe na baba yako.

Mambo ya soksi, ya dawa ya malaria na ya nani umpigie simu ukifika kazini Lodwar, dada yako Edina ameshakwambia mpaka umechoka. Mimi nataka kuongea juu ya ukuta. Tangu siku ile ulipokuja na watu wa barabara ukaupiga ukuta wa jiko langu eksi ya kubomolewa, mimi na wewe hatujaongea. Chai unakunywa sokoni. Nyumbani unatoka kwa njia ya nyuma, katikati ya migomba, ili watu wa mbele wasikuone. Na juzi baba yako ananiambia ati umesema Lodwar huendi tena, ati afadhali ushuke mashimoni na vijana wenzako mchimbe dhahabu. Hapo nikasema, basi, nimenyamaza vya kutosha.

Ukuta huu unaujua tangu ukiwa mgongoni mwangu, lakini hujui ulivyoanza. Nilipoolewa hapa Malinya, nyanya yako alikuwa akisiriba jiko lake upya kila Desemba kabla ya Krismasi, kama walivyofanya wanawake wote wakati ule. Udongo na mavi ya ng'ombe kwanza, halafu udongo mwekundu chini na mweupe juu, halafu mistari na majani kwa kidole. Aliniachia ukuta unaotazama barabara akasema, “Huu ni wako, bibi arusi. Tuone kama huo mkono unajua kitu kingine zaidi ya kushika kalamu.” Nilikuwa nimetoka shule juzi, naringa. Mistari na majani nikaona ni mambo ya kizamani. Nikachora kile nilichokiona nikisimama mlangoni: ng'ambo yote ya barabara, kutoka kisimani mpaka uwanja wa fahali.

Wee, nilichora kila kitu! Wanawake kisimani na mitungi yao. Migomba ya majirani, mmoja mmoja. Fahali akipelekwa kupigana, na vijana na ngoma zao mbele yake, vumbi mpaka magotini. Nyumba ya Mama Resipa, jirani yetu wa ng'ambo, na ule mlango wake uliopinda ambao haukuwahi kufunga hata siku moja. Barabara yenyewe ilikuwa ya udongo, nyembamba. Niliichora kwa kidole kimoja, ikaisha.

Kila mwaka niliusiriba upya nikauchora upya, kwa sababu mvua za huku haziachi ukuta, na kila mwaka kulikuwa na kitu kipya cha kutia. Walipomwaga changarawe, barabara ikawa vidole viwili. Zikaja nguzo za stima. Likaja kanisa la mabati. Yakaja maduka yenye milango ya bluu, na bluu haitoki kwenye udongo wowote wa hapa, nikasaga chaki za chekechea. Mwalimu mkuu akiuliza chaki zimeenda wapi, namwambia watoto wamekula.

Lakini sikiza. Barabara iliongezeka, majumba yaliongezeka, ukuta haukuongezeka. Ni ule ule, kutoka mlangoni mpaka pembe wanapolala kuku. Kila nilipoingiza kitu ilibidi kitu kingine kitoke, na sikumwuliza mtu. Nilitoa migomba, hakuna aliyesema neno. Nikatoa kisima. Nikawatoa na wale wanawake, maana kisima hakipo, watakuwa wanateka nini? Nikawatoa vijana wa ngoma, kwa sababu miguu ya watu ni kazi kuichora na mimi nilikuwa nimechoka, Edina ananivuta nguo huku na wewe uko tumboni huku. Nguzo ya stima haina miguu. Mwaka hadi mwaka nikawa nachora mahali pasipo na mtu, na watu wenyewe walikuwa wanapita wakisifu, “Mwalimu, hapa sasa panakaa mjini kabisa!” Nami nafurahi.

Halafu mwaka uliozaliwa wewe, chifu akaita baraza akatuambia lami inakuja. Mimi sikungoja. Ninyi mnaojua lami tangu utotoni hamwezi kuelewa ile haraka niliyokuwa nayo. Wewe ulizaliwa kwenye tope, Lihanda. Gari lililokuwa linanipeleka hospitali Kakamega lilikwama, na mimi nikateremshwa, na pale kando ya barabara, juu ya magunia, ndipo ulipolia mara ya kwanza. Kwa hivyo usinione kama mtu asiyetaka barabara. Niliitaka kuliko chifu. Desemba ile niliichora kabla haijafika. Masizi ya sufuria peke yake hayashiki, nikayachanganya na maji ya mboga ya mrenda, ule utelezi wake, yakashika vizuri sana, na barabara nikaipaka kwa kiganja kizima, nyeusi, imenyooka kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Mrenda wenyewe alinipa Mama Resipa kutoka shambani kwake.

Watu walikuja kutazama barabara yao. Naibu wa chifu alipiga makofi. Mama Resipa naye akavuka, akatazama muda mrefu.

“Mwalimu,” akasema, “mbona mimi sijioni? Nyumba yangu ilikuwanga hapa.” Akaweka kidole juu ya ile lami, kikatoka na masizi.

Nikacheka. “Ni udongo tu, mama. Huo mlango wako ulinishinda.”

“Basi ungenichora bila mlango,” akasema. Krismasi ile hakuja kula kwetu.

Sikuona shida. Nafasi ilikuwa imeisha, nikatoa kilichokuwa kigumu kuchora, ndivyo nilivyojiambia. Mwaka uliofuata matingatinga yakaja, na nyumba ya kwanza kuondolewa upande ule ikawa ya Mama Resipa. Hapo ndipo maneno yakaanza. Ati Mwalimu alimfuta. Ati alimfuta kwanza ukutani ndipo wenye trakta wakajua pa kupita. Watoto wa darasa langu, watoto wadogo wa kulialia, walikuwa wananiomba, “Mwalimu, usichore kwetu.” Unaweza kucheka, na baba yako alicheka sana. Mimi nilikuwa silali. Nilijua udongo hauwezi kuita trakta. Lakini nilijua pia kwamba mkono wangu uliona mahali pale hapana mtu kabla trakta haijaona.

Na nilifanya nini? Nilianza kupitia nyuma. Ile njia ya migombani unayoitumia sasa, ni miguu yangu iliyoifungua. Kabla ya hapo palikuwa nyasi tupu. Mama Resipa alikuwa amejengewa kibanda kando ya ilipokuwa nyumba yake, akingoja binti yake aje amchukue, na mimi kila asubuhi nakupachika mgongoni, nazunguka shamba lote kwenda shule ili nisipite mbele yake. Binti alikuja akamhamishia Shinyalu. Siku hiyo pia nilipita nyuma.

Sasa nije kwako.

Ulipomaliza chuo cha Sigalagala ukaitwa na watu wanaopanua barabara, nilifurahi, wewe unajua. Ulinikunjulia ile ramani yao mezani, hapa hapa jikoni, ukanionyesha kijisanduku kidogo chenye nambari. “Mama, hawa ndio sisi.” Niliitazama ile karatasi nikaona barabara pana, safi, na visanduku vingi pande zote mbili, na hakuna sanduku hata moja lenye mlango. Nikajisemea, mtoto amechukua mkono wangu. Sikukwambia. Nilikusifu tu, nikakuongezea chai.

Siku ya eksi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga. Niliwaona mkija tangu kwa fundi wa pikipiki, yule mkubwa wenu na koti lake la kung'aa, na wewe nyuma na mkebe wa rangi. Nikafikiri utamwambia neno. Nikafikiri utampa mwenzako ule mkebe uende kando, ujifanye unakojoa, kitu chochote. Ukaja moja kwa moja. Lakini nilikuona, Lihanda. Nilikuona ukiupekua ule ukuta kwa macho, ukanyoosha mkono ukachora kieksi kidogo pale juu nilipoacha mbingu, mahali ambapo sikuwa nimechora kitu. Mkubwa wako akacheka, “Hiyo ni ya nini, ya kuku? Rudia, iwe kubwa, ionekane kutoka barabarani.” Ukarudia. Ukaipitisha juu ya kanisa, juu ya maduka, juu ya mnara wa simu ambao nilihangaika nao siku mbili.

Ukanitazama ukasema, “Mama, nimetumwa tu.”

Nami, kwa maneno yote ya dunia hii, nikakwambia, “Hata rangi hukuichanganya vizuri. Inachuruzika.”

Nikarudi kwenye mboga. Ni hayo tu tuliyoambiana mpaka leo. Aki naona aibu kuyaandika.

Niliumia. Nakwambia wazi ili usije ukahangaika kutafuta maana. Sikuumia kwa sababu ya jiko. Jiko limekaa kwenye njia ya barabara tangu zamani na baba yako alionywa akapuuza. Niliumia kwa sababu ilikuwa mkono wako. Na halafu nikaumia zaidi kusikia wanavyokuita huko sokoni. Eksi. “Eksi amepita.” “Eksi, hata mama yako hukumwacha?” Mtu mzima na ndevu anamwita mwanangu Eksi, na mimi niliyejua uchungu wa jina kama hilo nimekaa kimya nimekunja uso kama shangazi aliyenyimwa nyama.

Wiki iliyopita nilipowaambia naenda kliniki, sikwenda kliniki. Nilikwenda Shinyalu. Nilimwuliza binti yake Mama Resipa kama mama angali hai, akanionyesha ua nyuma ya nyumba. Amezeeka. Macho yameingia ukungu, lakini mdomo, ule mdomo uko pale pale.

“Ni nani?”

“Ni mimi. Mwalimu wa Malinya.”

“Yule wa ukuta. Umekuja kunichora? Umechelewa, sasa nimebaki mifupa.”

Nilicheka nikilia. Nikamwambia jiko langu limepigwa eksi.

“Kwa hivyo na wewe umefutwa! Pole. Nani amekufuta?”

“Kijana wangu. Yule niliyekuwa nambeba mgongoni.”

Mwanangu, mwanamke yule alicheka mpaka binti yake akaja mbio na maji. Alipotulia akanishika mkono. Nikaanza kumwomba msamaha wa ile picha, maneno niliyoyapanga njia nzima, akanikatiza. “Wacha hayo. Nyumba mimi nilijua itaenda, walikuwa wameshapima. Picha iliniuma kidogo, nikasahau. Kilichoniuma ni wewe kuanza kupitia migombani. Kila asubuhi nakusikia ukikohoa huko nyuma, unanizunguka. Nikasema, kumbe nimekufa na hakuna aliyeniambia.”

Nilikaa naye tukala viazi. Miaka yote hiyo nilidhani kosa langu liko ukutani. Nilikuwa nakuja kulisiriba Desemba baada ya Desemba kama mtu anayefuta ubao, na kosa liko miguuni.

Sijui kama ninachotaka kukwambia kinatosha kwenye barua. Sikwambii usichore eksi. Utazichora nyingi, ndiyo kazi, na huko unakoenda kuna wanawake wanaojifungua njiani kama mimi, wanangoja barabara. Lakini lile neno la nimetumwa tu, liache hapa Malinya. Mimi nilisema ni udongo tu, na neno langu na lako ni mtu na ndugu yake. Ukifika kwenye ukuta wa mtu bisha hodi, mwambie jina lako, mwulize lake. Mwache akutukane akitaka, atakuwa na haki. Halafu kesho yake pita mbele ya mlango wake, umsalimie. Si lazima akujibu. Siku nyingine hatakujibu, na utajisikia vibaya, na itabidi upite tena.

Na usishuke mashimoni. Unataka kushuka huko kwa sababu chini ya ardhi hakuna anayekuona, nakujua, ni mimi nimekuzaa. Vijana wanaochimba huko wanatafuta riziki yao na siwadharau, lakini wewe hutafuti dhahabu, unatafuta pa kujificha. Shimo likikuporomokea nitamwambia nani kwamba nilikuwa nimekusamehe na sikukwambia?

Nimekusamehe. Ndiyo hiyo, nimeandika. Uchungu bado upo, utaniona siku nyingine nimevimba, usidhani nimerudisha neno. Na wewe unisamehe ile ya rangi kuchuruzika.

Juu ya ukuta, Edina anataka kuupiga picha na simu. Apige. Mimi naona uvivu hata kuutazama. Trakta likija litauchukua, na ile nyumba ya matofali ya simiti mnayotaka kunijengea huko nyuma haitashika udongo, nimeshajaribu kwenye ukuta wa chekechea, unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Sina nguvu za kutafuta dawa yake. Udongo mweupe siku hizi ni mpaka uende mbali, ule wa kisimani ulifunikwa na lami niliyoishangilia mwenyewe. Viganja vyangu vinauma kukiwa na baridi. Nimechora mahali hapa miaka mingi na nikiulizwa palikuwaje, nitaweza kueleza barabara ilikuwa pana kiasi gani kila mwaka, lakini watu waliokuwa wakipita juu yake, ni wachache ninaowakumbuka sura. Hilo ndilo linanichosha kuliko mikono.

Edina ananiambia ati ukikubali kwenda Lodwar, utaondoka kesho alfajiri kabla watu hawajaamka. Hapana. Utaondoka saa tatu, wenye maduka wakiwa wamefungua na wale wazembe wa pikipiki wote wako kwenye kona yao. Utakuja kwanza hapa jikoni unywe chai, tukae tu, hata tusipoongea. Halafu tutatoka kwa mbele, mimi na wewe. Begi nitabeba mimi, usinibishie. Na mtu akisema Eksi, nitasimama, nitamwambia: huyu ni Lihanda, mwanangu, ndiye aliyepiga eksi jiko langu, na namsindikiza kazini.

Mama yako,
Khasandi